George Washington: Rais aliyeapishwa akiwa na jino moja

YEYOTE aliyepata kubadili fedha katika maduka ya fedha za kigeni ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaijua sura hiyo. Ni sura ya mzee mwenye nywele nyeupe zilizofunika masikio, macho yasiyocheka, na mdomo uliofumbwa kwa nguvu kana kwamba mwenyewe anazuia neno lisimtoke. Iko kwenye noti ya dola moja ya Marekani, na mwenye sura ni George Washington, jenerali aliyewaongoza Wamarekani kuushinda utawala wa Uingereza, kisha akawa rais wao wa kwanza.

Wengi huuona mdomo ule wakadhani ni ukali wa kijeshi. Ukweli ni kwamba mchoraji Gilbert Stuart alipomkalisha na kumchora mwaka 1796, Washington alikuwa mtu wa meno ya bandia yaliyounganishwa kwa springi za chuma. Springi hizo zilikuwa zikiyasukuma mataya mbalimbali wakati wote, na mvaaji hakuwa na budi kuyakaza ili kinywa kisifunguke chenyewe mbele za watu.

Vita na siasa za kiongozi huyo zimeandikiwa vitabu visivyo na idadi. Habari ya meno yake kwa kawaida huachiwa wasimulizi wa vichekesho, hasa ile ngano kwamba alivaa meno ya mti. Hakuwahi kuvaa meno ya mti. Aidha, habari yenyewe si ya kuchekesha. Ndani yake mna maumivu ya takriban miaka 40, na mna malipo ya shilingi 122 yaliyofanywa kwa watumwa kwa ajili ya meno tisa.

Washington alizaliwa Februari 22, 1732, katika koloni la Virginia, ambako utajiri ulipimwa kwa ardhi, tumbaku na idadi ya watumwa. Baba yake, Augustine, alifariki dunia mwaka 1743 na kumwachia mtoto huyo wa miaka 11 shamba pamoja na watumwa kumi. Hivyo basi, kabla hajabalehe, alikwishakuwa bwana wa watu. Kaka zake wakubwa wa kambo walikuwa wamepelekwa Uingereza kusoma. Yeye hakupelekwa, na upungufu huo wa elimu ya darasani ulimtia haya maisha yake yote. Alijifunza upimaji wa ardhi, na mwaka 1749, akiwa na umri wa miaka 17, akateuliwa kuwa mpimaji wa wilaya ya Culpeper.

Mwaka 1751 alisafiri kwenda kisiwa cha Barbados akimsindikiza kaka yake, Lawrence, aliyekuwa akiugua kifua kikuu. Huko George akapatwa na ndui. Ugonjwa ulimwachia makovu machache usoni, lakini ulimwachia pia kinga, na huenda ndiyo sababu mwaka 1777 alikuwa na ujasiri wa kuamuru jeshi lake lote lichanjwe ndui, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa jemadari wa zama zake.

Kijana huyo alikuwa na mwili wa kuonewa wivu. Alikuwa mrefu kupita wenzake wengi, hodari wa kupanda farasi, na mtu aliyeonekana kutodhuriwa na risasi. Mwezi Julai 1755, alipokuwa msaidizi wa Jenerali Edward Braddock wa Uingereza katika mapigano dhidi ya Wafaransa na washirika wao Wahindi Wekundu, farasi wawili waliuawa akiwa mgongoni mwao, na risasi nne zikalitoboa koti lake bila kumgusa mwilini.

Kilichomshinda ni kinywa. Mwaka uliofuata, 1756, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alimlipa tabibu aliyeitwa Watson shilingi tano za Kiingereza ili amng'oe jino. Tangu hapo vitabu vyake vya matumizi na barua zake zimejaa habari za meno yanayouma, fizi zilizovimba na matabibu waliolipwa. Kwa mujibu wa John Adams, aliyekuwa makamu wake wa rais, Washington mwenyewe alidhani aliyaharibu meno kwa kuvunjia kokwa ngumu alipokuwa kijana. Baadhi ya wanahistoria wanazitaja pia dawa za zebaki zilizotumika sana enzi hizo, ambazo hudhoofisha fizi na kulegeza meno. Uzembe hauwezi kuwa sababu, maana katika maagizo yake ya bidhaa kutoka London ilikuwamo miswaki na unga wa kusafishia meno.

Ni vyema msomaji akumbuke jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Fundi alimkalisha mgonjwa kwenye kiti, akalikamata jino kwa koleo au kwa chombo kilichofanana na ufunguo mkubwa, akalizungusha hadi likakatika au likatoka. Dawa ya usingizi haikuwapo. Ilikuwa bado miaka 90 mbele kabla William Morton, ambaye naye alikuwa daktari wa meno, hajaonyesha hadharani matumizi ya etha mjini Boston mwaka 1846.

Januari 6, 1759, Washington alimwoa Martha Dandridge Custis, mjane tajiri mwenye watoto wawili. Ndoa hiyo ilimwingiza katika tabaka la juu kabisa la Virginia, na ilileta shambani Mount Vernon watumwa wengine 84 waliokuwa mali ya mirathi ya marehemu mume wa Martha. Suala la watumwa hao wa mirathi lilikuja kumsumbua hadi mwisho, kama itakavyoonekana. Kwa miaka 16 iliyofuata aliishi maisha ya mkulima mkubwa, akiacha tumbaku na kugeukia ngano, na kila baada ya muda jino jingine liliondoka.

Juni 1775 Bunge la makoloni yaliyoasi lilimteua kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Vita ile ilidumu miaka minane, na si lazima isimuliwe hapa kwa urefu: alishindwa New York mwaka 1776, akavuka mto Delaware usiku wa Krismasi wa mwaka huo na kuwakamata mamluki wa Kijerumani mjini Trenton, akavumilia baridi na njaa ya Valley Forge katika majira ya baridi ya 1777 hadi 1778, na hatimaye, kwa msaada wa Wafaransa, akalilazimisha jeshi la Lord Cornwallis kusalimu amri huko Yorktown mwezi Oktoba 1781.

Hata hivyo, kuna barua moja ya mwaka huo wa Yorktown isiyotajwa sana. Mwezi Mei 1781 Washington, akiwa kambini jirani na New York, alimwandikia daktari wake wa meno mjini Philadelphia akiomba apelekewe vifaa vya kusafishia meno. Alieleza kwamba hakutarajia kufika Philadelphia hivi karibuni. Barua ikakamatwa na Waingereza njiani na kufikishwa kwenye makao makuu ya Jenerali Henry Clinton mjini New York. Kwa jenerali aliyekuwa akijiuliza kila siku Wamarekani wataelekea wapi, karatasi ile ya maumivu ya meno ilimwambia kwamba adui atabaki palepale. Miezi mitatu baadaye Washington aliondoka kimyakimya na jeshi lake, akapita Philadelphia na kushuka hadi Virginia, ambako vita iliamuliwa.

Kinywa chake kilikuwa siri aliyoilinda kuliko siri nyingine za mwili. Machi 1783, maofisa wake waliokuwa hawajalipwa mishahara walipokaribia kuasi katika kambi ya Newburgh, aliingia katika mkutano wao, akatoa barua ya kuwasomea, akashindwa kuiona vizuri, na mbele yao wote akavaa miwani ambayo wengi hawakuwahi kumwona nayo. Inaelezwa kuwa baadhi yao walitokwa machozi, na uasi ukaishia hapo. Udhaifu wa macho aliweza kuuonyesha na hata kunufaika nao. Wa meno hakuuonyesha. Miezi mitatu tu kabla ya mkutano huo, siku ya Krismasi ya mwaka 1782, alikuwa amemwandikia ndugu yake Lund Washington, msimamizi wa Mount Vernon, akimwagiza atafute katika saraka ya dawati meno mawili madogo ya mbele, ayafunge vizuri na kuyatuma ndani ya barua itakayofuata. Yalikuwa meno aliyokuwa ameyatunza, akitumaini yatatiwa katika seti ya bandia.

Katika kipindi hicho ndipo alipotokea Jean-Pierre Le Mayeur, Mfaransa aliyekuwa amewatibu wakubwa wa jeshi la Uingereza mjini New York kabla ya kuvuka na kuhamia upande wa Wamarekani. Sifa yake kubwa ilikuwa kupandikiza meno. Jino bovu la mbele la mteja liling'olewa, na papo hapo jino zima lililotolewa kinywani mwa mtu mwingine likasukumwa ndani ya tundu lililokuwa bado linavuja damu, kisha likafungwa kwa uzi kwenye meno ya jirani hadi lishike.

Ufundi huo ulikuwa umepewa heshima na John Hunter, mpasuaji mashuhuri wa London, aliyechapisha kitabu chake kuhusu meno ya binadamu mwaka 1771. Hunter alikuwa amelipandikiza jino la mtu katika upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo, na alipolichunguza baadaye aliona mishipa ya damu imelifikia. Kwa ushahidi huo wa jogoo, mabibi na mabwana wa Ulaya wakaanza kununua meno. Waliouza walikuwa maskini, wengi wao vijana na watoto, kwa kuwa meno ya umri huo huwa mazima. Mchoraji wa vikatuni Thomas Rowlandson aliichora aibu hiyo mwaka 1787: chumba cha daktari, tajiri kitini anasubiri, na mtoto maskini anang'olewa jino kando yake. Madaktari wa zama hizo waliripoti pia kwamba baadhi ya waliopandikizwa waliambukizwa magonjwa, kaswende ikiwa mojawapo.

Washington hakuwa mwepesi wa kuamini. Februari 1784 alimwandikia Richard Varick, aliyekuwa katibu wake wakati wa vita na ambaye alikuwa mmoja wa wateja wa Le Mayeur, akikiri kuwa mafanikio ya upandikizaji yalikuwa yakimtia mashaka. Mashaka hayo hayakumzuia kumkaribisha Mfaransa huyo Mount Vernon, naye akawa mgeni wa mara kwa mara.

Mwezi Mei wa mwaka huohuo, daftari la hesabu la Mount Vernon likaandikwa kwamba watumwa wamelipwa pauni sita na shilingi mbili, yaani shilingi 122, kwa meno tisa, kwa ajili ya daktari huyo. Daftari halisemi meno yale yaliishia kinywani mwa nani, kama ni kwa bwana mwenyewe au kwa wateja wengine wa Le Mayeur. Linasema yalitoka kwa nani na kwa bei gani. Le Mayeur alikuwa akitangaza magazetini kuwa yuko tayari kulipa gini mbili kwa kila jino zuri la mbele. Watumwa wa Mount Vernon walipata takriban theluthi moja ya bei hiyo.

Wapo wanaoitetea hesabu hiyo kwa hoja kwamba kuuza meno ilikuwa desturi ya zama zile na kwamba watu hao walau walilipwa, wakati wangeweza kunyang'anywa. Ni kweli walilipwa. Lakini sheria za Virginia zilimhesabu mtumwa kuwa mali, mwili wake wote pamoja na meno yake, na hazikumpa haki ya kumkatalia bwana wake jambo lolote. Ni vigumu kuiita biashara pale ambapo muuzaji hana ruhusa ya kusema hapana. Na kung'olewa jino zima, kama ilivyoelezwa hapo juu, kulifanywa bila dawa yoyote ya usingizi.

Kibaya zaidi, upandikizaji wenyewe haukufaa kitu. Jino la mtu mwingine liliweza kukaa miezi kadhaa, au mwaka na ushei kwa aliyebahatika, kisha mwili ukaula mzizi wake kidogo kidogo hadi likalegea na kuanguka. Hunter aliona mishipa ya damu akadhani ameona uhai. Hakujua habari ya vijidudu wala ya kinga ya mwili inayokitambua na kukikataa kitu cha mgeni.

Jibu la tatizo hilo lilipatikana karibu miaka 200 baadaye, nalo halikuhitaji jino la mtu. Mwanasayansi wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya sungura katika miaka ya 1950, aligundua kuwa vifaa vyake vya titaniamu vilikuwa vimeungana na mfupa kiasi cha kutobanduka. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya metali hiyo katika taya, navyo vikamtumikia mtu huyo kwa takriban miaka 40, hadi kufa kwake. Siku hizi skrubu ya titaniamu hukazwa ndani ya taya, huachwa kwa miezi kadhaa ishikamane na mfupa, kisha huvishwa jino la kauri juu yake. Hata upandikizaji wa jino halisi haukufa. Madaktari wa leo huweza kulitoa gego la mwisho au chonge lililokwama ndani ya mfupa pasipo kuota na kulihamishia penye pengo, mradi liwe ni katika kinywa cha mtu yuleyule. Palipomshinda Le Mayeur ni pale alipovuka kutoka mwili mmoja kwenda mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo matabibu wa Washington hawakulielewa. Mfupa wa taya huishi kwa kazi. Mzizi wa jino unapokandamizwa wakati wa kutafuna, mfupa unaouzunguka hupata sababu ya kubaki imara, na jino likishatoka mfupa huo huanza kupungua. Mtu aliyepoteza meno mfululizo kwa miaka 30 huwa amepoteza pia sehemu ya taya. Ndiyo maana uso wa Washington ulibadilika kutoka picha hadi picha, na ndiyo maana kila seti ya bandia iliyomkaa vyema mwaka mmoja ilimpwaya au kumchubua mwaka uliofuata. Walikuwa wakimtengenezea nyumba juu ya ardhi inayotitia.

Mwaka 1787 aliongoza mkutano uliotunga Katiba ya Marekani, na alipopigiwa kura za urais hakuna mjumbe hata mmoja aliyemnyima. Aprili 30, 1789, akiwa na umri wa miaka 57, alisimama kwenye roshani ya Federal Hall mjini New York, akaapishwa mbele ya umati mkubwa, kisha akaingia ndani kuwahutubia wabunge. Seneta William Maclay aliandika katika shajara yake kwamba shujaa huyo wa vita alikuwa akitetemeka, na kwamba mara kadhaa alipata shida kuisoma hotuba yake. Kinywani mwake lilikuwa limebaki jino moja tu la asili, upande wa kushoto wa taya la chini.

Aliyelihudumia jino hilo ni John Greenwood, daktari wa meno wa New York ambaye, akiwa mvulana, alipiga filimbi katika jeshi la mapinduzi. Mwaka huo wa 1789 alimchongea rais seti kutoka katika meno ya kiboko, akalikazia meno ya binadamu kwa pini za dhahabu, na kuacha tundu ambamo lile jino moja lililobaki lilipenya na kuishikilia. Enzi hizo hakukuwa na kiboko popote duniani isipokuwa Afrika. Kwa hiyo rais wa kwanza wa taifa hilo jipya alitafunia pembe iliyotoka Afrika, na kama yale meno ya Mei 1784, au mengine kama hayo, yalimfikia, basi alitafunia pia meno ya watoto wa Afrika.

Kutafuna kwenyewe kulikuwa kwa taabu. Kifungua kinywa alichokipenda ni mikate myembamba ya unga wa mahindi iliyoloweshwa kwa siagi na asali, chakula ambacho hata kibogoyo angekimudu. Katika barua zake kwa Greenwood alilalamika kuwa meno yanamsukuma midomo nje na kuivimbisha. Mwishoni mwa mwaka 1798 yaliporudishwa kwa matengenezo yakiwa meusi, fundi huyo alimweleza kwamba mvinyo ndio unaoyaharibu, na kumshauri ayavue baada ya chakula cha jioni. Inadhaniwa kuwa ni madoa na nyufa hizo za pembe, zilizofanana na mistari ya ubao, zilizozaa ngano ya meno ya mti.

Mwaka 1790 makao ya serikali yalihamia Philadelphia kwa muda. Sheria ya jimbo la Pennsylvania ya mwaka 1780 ilimpa uhuru mtumwa yeyote wa mgeni aliyekaa humo miezi sita mfululizo. Washington alijua. Akawa akiwarudisha watumwa wa nyumbani kwake Virginia kabla ya muda huo kutimia, kisha kuwaleta tena, na aliagiza jambo hilo lifanywe kwa siri. Mtu huyohuyo, katika barua za miaka hiyohiyo, aliwaeleza marafiki zake kuwa anatamani utumwa ukomeshwe kwa njia ya sheria. Wasifu mwingi wa Washington hutua zaidi kwenye barua hizo kuliko kwenye safari zile za kwenda na kurudi.

Mwaka 1796 ulimkusanyia mengi. Mwezi Mei, Ona Judge, kijana wa kike wa miaka ipatayo 22 aliyekuwa mtumishi wa chumbani wa Martha, alitoka nyumbani kwa rais Philadelphia wakati mabwana wake wakila chakula cha jioni, akapanda meli kwenda New Hampshire. Washington alijaribu kumrejesha kwa kutumia maofisa wa serikali, akashindwa. Judge alifariki mwaka 1848 akiwa bado mtumwa kisheria, lakini hakuna aliyewahi kumrudisha. Mwaka huohuo Stuart akachora ile picha ya kwenye dola. Mwaka huohuo jino la mwisho likatoka, baada ya kubeba uzito wa bandia kwa miaka, na Greenwood akaomba abaki nalo, akalihifadhi katika kikasha kidogo cha thamani. Na mwezi Septemba rais akatoa hotuba yake mashuhuri ya kuaga, akikataa kugombea kipindi cha tatu. Hotuba hiyo hakuisoma mbele ya watu hata siku moja. Aliichapisha gazetini. Wanahistoria wana maelezo mengi ya kisiasa kuhusu uamuzi huo, nayo yana uzito wake, lakini mtu anayejua kilichokuwamo kinywani mwake hatashangaa sana. Hotuba yake ya kuapishwa kwa mara ya pili, Machi 1793, ilikuwa na maneno 135 tu, na hadi leo hakuna rais wa Marekani aliyetoa fupi kuliko hiyo.

Alistaafu Machi 1797 na kurejea Mount Vernon. Julai 1799 aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe. Shambani wakati huo walikuwapo watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake, 41 walikuwa wamekodiwa, na 153 walikuwa wa ile mirathi ya Custis, ambao kwa sheria hakuwa na mamlaka juu ya uhuru wao. Aliagiza wale wake waachwe huru baada ya kifo cha Martha. Mmoja peke yake, William Lee, aliyekuwa naye vitani miaka yote minane, alipewa uhuru papo hapo. Miongoni mwa marais waanzilishi waliomiliki watumwa hakuna mwingine aliyefanya hivyo, ingawa alifanya wakati ambapo yeye mwenyewe hangeishi kuuona mlango ukifunguliwa.

Desemba 12, 1799, alizunguka mashamba yake juu ya farasi katika theluji na mvua ya mawe. Kesho yake koo lilimuuma, na alfajiri ya tarehe 14 alishindwa kupumua vyema. Madaktari watatu walikuja. Wakamtoa damu mara nne, kiasi kinachokadiriwa kuwa karibu asilimia 40 ya damu yote ya mwilini. Daktari mdogo kuliko wenzake, Elisha Dick, alipendekeza koo litobolewe ili mgonjwa apate hewa, wakubwa wake wakakataa. Usiku wa siku hiyo, baada ya saa nne, Washington alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 67. Chumbani, pamoja na mkewe, katibu wake na madaktari, walisimama watumwa, Christopher Sheels aliyemhudumia akiwa mmojawapo.

Martha hakusubiri kifo chake. Watumwa 123 wa marehemu mumewe waliachwa huru Januari 1, 1801. Wale wa mirathi waligawanywa kwa wajukuu wake alipofariki mwaka 1802, na familia nyingi zilizokuwa zimeoana kati ya makundi hayo mawili zikatenganishwa.

Seti moja kamili ya meno ya Washington imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Mount Vernon. Ni ya risasi, pembe, meno ya wanyama na meno ya binadamu, na springi zake bado zipo. Daftari la hesabu nalo limehifadhiwa. Katika mstari wa Mei 1784 imeandikwa idadi ya meno, kiasi cha fedha na jina la daktari Mfaransa, ambalo limekosewa tahajia. Majina ya walioyatoa hayakuandikwa.